Anayefunga Hedi

Katika gharama zote za kubadilisha gasketi ya silinda hedi, gasketi yenyewe mara nyingi si kitu kikubwa. Ni bapa jembamba lenye matundu, unalinunua dukani likiwa kwenye nailoni na kulibeba kwa mkono mmoja. Fedha inakwenda kwingine: kufungua, kusafisha, kupima, kunyoosha, kufunga. Hata Marekani, ambako kazi ya fundi hutozwa kwa saa, bili ya kazi hii hupita dola 1,000 kwa urahisi, na sehemu kubwa ni hizo saa. Lakini kaa gereji yoyote kati ya Chitete na Tunduma usikilize. Mwenye gari anakubali bei ya spea bila neno, halafu ikifika pesa ya ufundi ndipo anaanza: "Fundi, punguza bwana." Mimi nataka kuusifia huo ufundi unaopunguziwa bei.

Tuchukue Noah, maana ndiyo inayobeba watu wetu. Noah za zamani zina injini ya 3S ya lita mbili, silinda nne. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, na alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila ukiwasha na kila ukizima, vipande hivi viwili vinasuguana, kimoja kikitaka kwenda mbali zaidi ya mwenzake. Gasketi imelala katikati, na kazi yake ni kuzuia vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji ya kupooza na oili. Moto ule unapita digrii 2,000. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inalipuka mara 1,500 katika dakika hiyohiyo, na njia ya maji iko pembeni, umbali wa vidole viwili au pungufu.

Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, iko chini, kwenye mpunga na ufuta. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Msimu wa mavuno gari linapanda huko na abiria, magunia na kuku, kwenye vumbi na jua. Kule juu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayasubiri 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni mfuniko wenye springi, unaoyabana. Sasa mfuniko umelegea, rejeta imejaa matope na mbegu za nyasi, na kuna mtu zamani aling'oa thermostati akasema haina kazi nchi hii. Mshale wa temperecha unapanda. Dereva anauona, anajiambia tufike tu kwanza. Akifika anamwagia injini maji ya baridi, na hedi iliyokuwa imevimba kwa joto inajipinda palepale.

Fundi mzuri husoma dalili kabla ya kushika spana. Namfahamu mmoja Chitete, mtu mzima wa maneno machache. Anapenda gari lilale, alikute asubuhi likiwa la baridi. Anafungua mfuniko wa rejeta, anamwambia kijana wake awashe, anainama kutazama kama kuna mapovu yanayokuja mfululizo. Anachomoa kijiti cha oili: ikiwa maji yameingia, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Kisha anatoa plagi nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Tatu zina weusi wa kawaida. Moja ni safi, imeoshwa na mvuke. "Hii imekunywa maji," anasema, na mwenye gari anajua safari ya kesho haipo.

Kufungua ni nguvu na kumbukumbu tu. Kazi inayokula siku, na ambayo mteja haioni kwa sababu ameenda kutafuta chakula, ni kusafisha. Mabaki ya gasketi ya zamani yameshikana na alumini. Mwenye haraka anaweka msasa wa mashine, yanatoka mara moja, na uso wa hedi unatoka nayo. Huyu ninayemsema anakwangua taratibu kwa kipande cha plastiki ngumu, anapaka petroli kidogo, anasubiri, anakwangua tena. Halafu anahamia kwenye matundu ya bolti ndani ya bloku, moja moja, akisokota kitambaa kwenye waya na kukizamisha hadi chini. Nilimuuliza kwa nini asipulize tu. Alisema maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti ikishuka haina pa kuisukuma, na bloku ndiyo itapasuka. Baada ya hapo analaza rula ya chuma juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana, kona kwa kona, kijana akimulika tochi upande wa pili, naye akijaribu kupitisha ulimi wa fila geji. Kwa injini kama hizi kupinda kunakovumilika ni milimita 0.05. Ikizidi, hedi inafungwa kwenye gunia na kupanda basi kwenda mjini kuchongwa na kupimwa nyufa, na hapo bili inapanda bila fundi kupata hata senti.

Jioni moja dereva wa gari lililofunguliwa alikuja. "Shikamoo fundi. Si ufunge tu leo, niwahi abiria wa asubuhi?"

"Marahaba. Mwanangu, nikifunga leo utairudisha mwezi ujao, na utakuja na lawama."

Kufunga kwenyewe ni jambo la kutazamwa. Hedi ya 3S ina bolti 10. Zinaanza kukazwa za katikati, kisha unavuka kushoto na kulia kuelekea kwenye ncha, kwa mizunguko, kidogo kidogo, ili gasketi ilale ikinyooka kutoka ndani kwenda nje. Ukianza pembeni, katikati panabaki na uvimbe usioonekana. Toki renchi ikishafika kipimo cha mtengenezaji, kazi haijaisha: fundi anatia alama ya rangi nyeupe kwenye kichwa cha kila bolti, upande mmoja, halafu anageuza kila moja digrii 90 zaidi, kwa mpangilio uleule. Mwishoni alama zote kumi zinatazama upande mwingine, na hata mimi nisiyejua injini naweza kuona kama kuna iliyosahauliwa. Kuna mafundi wanaokaza kwa mkono na kuamini bega. Kwa nati za tairi sawa. Kwa hedi nakataa, na naona gereji isiyo na toki renchi haipaswi kugusa kazi hii.

Ujuzi huu una historia kwenye ukanda wetu. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia, ambayo njia yake ya baharini ilipita huko, iligeukia bandari ya Dar es Salaam, na malori yakaanza kumiminika kupitia mpaka wa Tunduma, mafuta yakienda, shaba ikirudi, kwenye barabara ya udongo iliyoua injini bila huruma. Reli ya TAZARA ilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 1970. Penye malori mengi hapakosi mafundi, na fundi hupatikana kwa njia moja: kijana anaanza kwa kuosha vyuma na kushika tochi, miaka inapita, siku moja anapewa spana. Siku hizi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, jambo zuri sana.

Mimi ningependa bili ya gereji iandikwe kwa mistari: gasketi kiasi hiki, kuchonga hedi kiasi hiki, kusafisha na kupima siku nzima kiasi hiki, kufunga kiasi hiki. Mwenye gari akitaka kupunguziwa, aseme ni mstari upi usifanyike. Fundi wangu wa Chitete haandiki. Anataja bei yake, ananyamaza, na akishakabidhi funguo anamwagiza dereva alirudishe gari baada ya safari chache, aangalie maji yamepungua kiasi gani. Kwa hilo hatozi kitu.