Nafasi Iliyoachwa kwenye Bodi

Ruta iliyotengenezwa kwa busara huachiwa nafasi. Ndani ya kasha lake, kando ya chipu zilizokwisha kuchomelewa, hubaki tundu lisilo na kadi, likimngoja fundi ambaye mtengenezaji hatamwona maishani. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, ikifika Ukunda hupita nyumba nyingi ambazo nondo zake zimechomoza juu ya zege, mwenyewe akiwa bado anatafuta pesa za ghorofa. Bodi yenye tundu tupu ina subira ya namna hiyo hiyo. Ufundi wa kuongeza uwezo wa ruta kwa ndani ni ufundi wa kuitikia subira hiyo, na unastahili sifa zaidi kuliko unazopewa.

Zamani nafasi hizo zilikuwa jambo la kawaida. Ruta za Cisco za mfululizo wa 2500, zilizotumika katika maofisi ya dunia nzima miaka ya 1990, zilikuwa na tundu moja la kumbukumbu ya kufanyia kazi na mawili ya kumbukumbu ya kudumu, ambayo kwa pamoja yalifikia megabaiti 16. Programu ilipokua, kipande kidogo kilitolewa, kikubwa kikatiwa, na ruta ikaendelea na kazi kwa miaka mingine. Hakuna aliyeona ajabu. Kifaa cha thamani kilitarajiwa kukua mkononi mwa mwenyewe.

Pwani ya kusini iliuhitaji ufundi huu hasa baada ya 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilipanda na kushuka kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huo kebo ya chini ya bahari ya TEAMS kutoka Fujairah na ile ya SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Ikawa pia kwamba 2009 ndio mwaka ambao kiwango kipya cha mawimbi ya Wi-Fi, 802.11n, kiliidhinishwa, na kuzifanya kadi za 802.11g, zenye kikomo cha megabiti 54 kwa sekunde, zionekane kuukuu kwa ghafla. Data ilipovuka bahari kwa wingi na kurushwa kutoka minarani hadi Diani, kilichomchelewesha mgeni hotelini hakikuwa tena umbali wa Ulaya. Kilikuwa kadi moja ndogo ndani ya kasha lililofungwa chini ya paa.

Bodi zilizoifaa kazi hii zaidi zilitoka Latvia, kwa kampuni ya MikroTik iliyoanzishwa Riga mwaka 1996. RB433 ilikuwa na matundu matatu ya Mini PCI. Ndugu yake, RB433AH, ilikuwa na chipu ya megahatsi 680 badala ya 300, kumbukumbu ya megabaiti 128 badala ya 64, na mlango wa kadi ya microSD. Matundu matatu yalitosha kwa nyumba za hapa. Kadi ya gigahatsi 5 ilishika mnara. Ya gigahatsi 2.4 iliwahudumia watu, kwa kuwa ukuta mnene wa mawe ya matumbawe huyazuia zaidi mawimbi ya masafa ya juu. Ya tatu ilivuka bustani hadi banda la makuti. Kadi mbili za masafa yaliyokaribiana hazikuwekwa kasha moja bila kufikiriwa, maana inayotuma huizibia masikio inayopokea.

Kazi yenyewe huanza na chumvi. Kusi linapovuma, upepo hubeba unyevu wa bahari hadi ndani ya makasha ya Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni. Vichwa vya skurubu huliwa na kutu hadi vikakataa bisibisi, shaba iliyo wazi hugeuka kijani, sisimizi huhamia penye joto, na mjusi kafiri hutaga mayai pembeni mwa bodi. Fundi hodari halazimishi. Hutia tone la mafuta mepesi, husubiri, kisha hujaribu tena kwa bisibisi inayolingana sawasawa na kichwa. Umeme huzimwa, na waya wa mtandao huchomolewa pia, kwani ruta nyingi za nje hupokea umeme kwa waya huohuo. Wengi wameunguza bodi kwa kusahau hilo tu. Kabla ya kugusa chochote hugusa chuma kilichounganishwa na ardhi. Watu wa pwani hulidharau jambo hili kwa sababu hewa yao ina unyevu, lakini chumba cha mitambo chenye kiyoyozi kina hewa kavu, na umeme tuli usiohisiwa hata na ncha ya kidole unatosha kuiua chipu.

Meno ya kadi hufutwa taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha kwa spiriti safi, na kuachwa yakauke. Tundu halisuguliwi, kwa kuwa vyuma vyake ni vyembamba mno. Kadi huingizwa kwa mshazari, kama nyuzi 30 hivi, mpaka meno yake yazame yote, ndipo hulazwa chini hadi vibanio vya pande mbili viishike. Asiyejua huibonyeza kwa nguvu ikiwa imesimama vibaya, akavunja kibanio kisha akailaumu kadi.

Hata hivyo kipimo halisi cha mkono ni kile kijiwaya kinachotoka kwenye kadi kwenda kwenye antena. Baadhi ya kadi hutumia kiungo cha MMCX, kilicho kikubwa kidogo. Nyingine hutumia u.FL, chenye upana wa milimita tatu hivi. Kichwa cha u.FL huwekwa wima juu ya kikalio chake, kidole kikapapasa mpaka kikae katikati, ndipo hubonyezwa mara moja. Mlio wake ni mdogo sana, na fundi aliyezoea huuhisi kwenye ukucha kuliko anavyousikia. Kikipinda upande, pete yake hupanuka na haitashika tena. Hata kikifunguliwa kwa uangalifu, kimetengenezwa kwa kufungwa na kufunguliwa mara 30 hivi tu.

Uchache huo humfunza mtu adabu. Haruhusiwi kubahatisha wala kuchomoa ovyo ili ahakikishe. Anapaswa kupanga njia ya kijiwaya kabla ya kukifunga, asikikunje kwa pembe kali, asikipitishe juu ya chipu yenye joto, na akiache na ulegevu kiasi ili kifuniko kisikivute. Wala ruta haiwashwi kabla antena haijafungwa, kwa sababu nguvu isiyo na pa kutokea humrudia mtumaji na inaweza kuiunguza kadi. Katika kazi hii yote hakuna sehemu nzuri kuliko hiyo, na hakuna mteja anayeiona.

Hufuata hesabu ya umeme. Kadi zenye nguvu zikituma kwa pamoja hula zaidi ya adapta ya zamani, na ruta hujizima na kujiwasha usiku watu wanapokuwa wengi, huku mchana ikionekana nzima. Kwa hiyo adapta hubadilishwa pamoja na kadi. Mwishowe kasha huwashwa likiwa wazi, kila kadi ikatambuliwa na programu, ndipo mpira wa kuzuia maji ukarudishwa na matundu ya waya yakaelekezwa chini.

Milango ya ufundi huu imekuwa ikifungwa kwa muda mrefu. Ruta ya Linksys WRT54G ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2002, na matoleo yake ya kwanza yakawa na megabaiti 16 za kufanyia kazi na 4 za kudumu. Toleo la tano, la 2005, lilishushwa hadi 8 na 2. Mtengenezaji aliokoa senti, na ubahili huo ukageuka kuwa desturi: siku hizi katika ruta nyingi za nyumbani kila kitu kimechomelewa, na vifuniko vingine hufungwa kwa vibanio vya plastiki vinavyovunjika vikifunguliwa. Bodi kama RBM33G, yenye matundu mawili ya Mini PCIe na moja la M.2, bado zipo, lakini hununuliwa na wanaozijua. Mkaazi wa kawaida wa Msambweni huletewa kasha lililofumbwa na kuambiwa asiliguse.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ya 2022, humbebesha mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa inapokuwa taka. Ni hatua njema, ila huja mwisho wa safari. Ruta inayotupwa leo kwa kuzidiwa na programu mpya mara nyingi haina ubovu mwingine wowote: antena nzima, adapta nzima, kasha bila ufa, vyote vinakwenda jaani kwa ajili ya kumbukumbu ndogo ambayo zamani ingebadilishwa kwa bisibisi mchana mmoja.