Ufundi wa Kupunguza

Malalamiko ya mgeni wa hoteli ya Mji Mkongwe, Zanzibar, huanzia kitandani. Koridoni simu yake ilionyesha Wi-Fi imejaa. Akishafunga mlango na kujinyoosha, mtandao unaanza kusuasua, na uso wa mtoto wake aliyempigia video unaganda mdomo wazi. Mwenye hoteli akisikia hivyo jibu lake liko tayari: tuongeze mashine. Na fundi anayelipwa kwa idadi ya mashine hatabishana naye.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa ni yule atakayebishana.

Huyo, kabla hajagusa kompyuta, huikagua nyumba. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kama nusu mita, na upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti haivuki mbali, kwa hiyo na chumba ni chembamba, na ukuta mwingine mnene uko hatua chache mbele. Mchana wa Januari kuta hizo ni neema. Wimbi la redio halina neema yoyote hapo. Ukuta mwepesi wa jipsamu, wa ofisi za siku hizi, huligharimu takriban desibeli tatu, yaani nusu ya nguvu yake. Desibeli kumi ni sehemu tisa kati ya kumi zimekwenda, na ukuta mnene wa mawe hufika huko na kupita. Hapo ndipo unapoelewa ubaya wa kuzipanga aksesi pointi, vile visahani vyeupe vya darini, koridoni mstari mmoja kwa kuwa tu ndiko waya ulikopita kirahisi. Zenyewe kwa zenyewe zinasikiana vizuri mno. Mgeni aliye nyuma ya mawe anabahatisha. Dawa ni kuziingiza vyumbani, na waya wa kuzifikia lazima upite kwa akili, kwenye ua wa ndani au pembeni mwa ngazi, maana mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na si kila ukuta unatoboka kwa hiari ya mwenye drili.

Kinachogombewa katika kazi hii ni muda wa kusema. Chaneli ni baraza: akiongea mmoja wengine wanyamaze, na wakianza wawili kwa pamoja hakuna anayesikika. Utaratibu huu una asili ya visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa kuunganisha kompyuta kwa redio kutoka kisiwa hadi kisiwa. Ujumbe ukigongana na mwenzake, kila mtumaji alisubiri muda wa kubahatisha kisha akatuma tena. Wi-Fi, ambayo kiwango chake cha kwanza, 802.11, kilitoka mwaka 1997, imeongeza adabu moja: sikiliza kwanza ndipo useme. Sasa fikiria mashine ya nne, ya tano na ya sita katika chaneli ileile. Haikuongezwa hewa. Wameongezwa wasemaji.

Na hewa yenyewe ni finyu kuliko inavyotangazwa. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 simu itakuorodheshea chaneli 13, lakini zimeachana kwa megahezi tano tu ilhali mazungumzo yanahitaji kama ishirini. Zinazokaa bila kugusana ni tatu: 1, 6 na 11. Kuna wajanja wanaojibanza kwenye chaneli ya 3 wakidhani wamepata uchochoro. Wamejiharibia na kuwaharibia majirani pande zote mbili, kwa sababu walio kwenye chaneli moja angalau huelewana na kupeana zamu. Anayesema kutoka chaneli ya pembeni huwafikia kama kelele tupu.

Kisha kuna suala la nguvu, na hapa ndipo mwenye hoteli hukunja uso. Simu inabana betri, kwa hiyo hurusha kwa nguvu ndogo kuliko aksesi pointi. Ukiipandisha aksesi pointi hadi mwisho, simu itaisikia kutoka mbali, ila jibu la simu halifiki. Mgeni anaona alama zimejaa na hakuna kinachofunguka. Isitoshe, anayeamua lini kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine ni simu, wala si mtandao. Ikiendelea kuisikia ile ya mapokezi iliyopigwa nguvu, itaing'ang'ania mpaka ghorofa ya tatu na kuipita ile iliyo juu ya kichwa cha mwenye simu. Fundi anashusha. Kipimo anachokilenga ili maongezi ya sauti yasikatike ni hasi 67 kwa mizani ya dBm, nacho ni kama sehemu mbili tu kati ya milioni kumi za miliwati. Hicho kinatosha! Bado kinanishangaza.

Atafuta pia majina. Kila jina la mtandao unaloliona kwenye simu, la wageni, la wafanyakazi, la kamera, la mgahawa, la bosi na familia yake, hutangazwa na kila aksesi pointi takriban mara kumi kwa sekunde, mara nyingi kwa mwendo wa polepole kuliko yote ili hata simu kuukuu isikie. Majina matano kwa mashine sita, na tayari kipande cha muda wa hewa kimeliwa kabla mgeni hajatuma picha hata moja. Vyuo vikuu vimelimudu hili kuliko mahoteli. Wazo la eduroam, lililoanzia Uholanzi kwa Klaas Wierenga mwaka 2002, ni jina moja kwa vyuo vyote: mwanafunzi wa Makerere anafungua kompyuta yake Nairobi, chuo mwenyeji kinauliza Kampala kama huyu ni wao, Kampala inajibu ndiyo, anaingia kwa nywila yake ya nyumbani. Jina moja tu hewani, na nyuma yake kazi kubwa ya seva kuaminiana.

Ukumbi wa mihadhara nao una tabia zake. Ukiupima Jumapili viti vikiwa vitupu, utaandika ripoti nzuri ya ukumbi usiokuwepo. Jumatatu wameingia watu mia nne. Miili yetu ni maji kwa sehemu kubwa na maji hunyonya wimbi, na kila mwili umebeba simu, pengine na kompyuta. Fundi mzuri hupima tena watu wakiwemo, hata kama mhadhiri atamwangalia kwa jicho la pembeni anavyopita katikati ya safu na vifaa vyake.

Uzuri mwingine wa fundi huyu ni kutoiamini lawama. Mtu akisema Wi-Fi mbovu, huuliza nani, wapi, saa ngapi, na wangapi wengine. Nimewahi kushuhudia ofisi moja ikitaka kung'oa mtandao mzima kwa sababu kila siku kuanzia mchana wageni walikuwa wanaunganishwa bila kupata intaneti. Fundi aliomba simu ya mmoja wao, akatazama anwani ya IP: ilianza na 169.254, yaani simu ilikuwa imeomba anwani, ikakosa, ikajibunia yake. Hewa haikuwa na kosa. Seva ilikuwa na anwani 254 tu za kugawa, na kila simu iliyopata moja iliishikilia kwa siku nane, hata ya mpita njia aliyekuja asubuhi kuacha bahasha mapokezi na simu yake mfukoni. Alibadilisha siku nane kuwa saa moja. Kitu kimoja tu, akakaa kusubiri mchana ufike, kwa sababu ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mambo yakatengemaa, hujui kilichoponya ni kipi, na tatizo likirudi utaanza upya.

Tatizo la ufundi huu ni ankara. Aliyetundika mashine kumi anaandika mashine kumi, bei kwa kila moja, na mhasibu anaelewa. Huyu wetu ameng'oa nne za koridoni, ameshusha nguvu ya zilizobaki, amefuta majina matatu, na ametembea nyumba nzima mara mbili na kompyuta mkononi. Mwenye hoteli anauliza, kwa haki kabisa kwa jinsi anavyoona yeye, analipia kitu gani. Wengi wa ninaowajua huandika "ukaguzi na marekebisho", wakaweka bei, na kusimama hapohapo mpaka isainiwe.