Deni Jipya Kabla ya Kukabidhiwa Ufunguo

Anayenunua nyumba kwa rehani nchini Marekani, akiisha kuwasilisha hati za mshahara na taarifa za akaunti zake, hupewa na mkopeshaji barua ya ridhaa ambayo aghalabu huisoma kama hukumu iliyokwisha kukatwa, ilhali kwa hakika ni ahadi yenye masharti, na lililo zito katika masharti hayo ni kwamba madeni yake siku ya kutia sahihi yasizidi yale yaliyopimwa siku ya kuomba. Baina ya siku hizo mbili hupita mwezi au zaidi, na ndio wakati ambapo duka la samani humshawishi achukue kadi yenye punguzo.

Wengi huogopa jambo lisilostahili hofu kubwa. Wamesikia kwamba kila ombi la mkopo hupunguza alama za FICO, kipimo cha uaminifu wa mkopaji, zilizoanza kutumika mwaka 1989 na zinazohesabiwa tangu 300 hata 850, wakadhani hatari yote imo humo. Lakini ombi moja, kwa watu walio wengi, haliondoi hata alama tano. Na maombi ya rehani yenyewe, yakipelekwa kwa wakopeshaji mbalimbali katika muda wa siku 14 au 45 kwa kufuata toleo la hesabu, huhesabiwa kuwa moja, maana anayelinganisha riba hana kosa la kuadhibiwa. Kinachovunja mauzo, kwa maoni yangu, ni hesabu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni uwiano wa malipo ya madeni ya kila mwezi na pato la mwezi kabla ya kukatwa kodi.

Tuchukue kaya yenye pato la dola 6,000. Nyumba waitakayo, pamoja na kodi ya mali na bima, itawatoza dola 1,900 kwa mwezi; gari na karadha ya masomo ni dola 600; jumla 2,500, yaani takriban asilimia 42 ya pato, na kwa kuwa programu ya Fannie Mae, shirika linalonunua rehani kutoka kwa wakopeshaji, haipitishi mkopo uliovuka asilimia 50, wangali na wasaa. Wakinunua gari la pili kwa dola 550 kwa mwezi, uwiano hufika 50 na ushei, na ridhaa hutanguka, hata kama hawajawahi kuchelewesha senti moja maishani mwao.

Kuna wanaotumaini kwamba deni hilo halitaonekana. Baada ya msukosuko wa rehani wa 2007 na 2008, Fannie Mae ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kulinda ubora wa mikopo, ikawahimiza wakopeshaji wahakikishe kwamba hakuna deni lililochipuka njiani. Kwa hiyo siku chache kabla ya sahihi daftari la madeni ya mkopaji hufunguliwa tena, au huwekwa chini ya ulinzi wa mashirika ya kumbukumbu za mikopo kama Equifax, ambayo humwarifu mkopeshaji kila akaunti mpya ifunguliwapo. Karani akiona ombi geni hudai maelezo kwa maandishi, na likithibitika kuwa deni, mkopo wote hupimwa upya. Kulificha ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu siku ya mwisho mnunuzi hutia sahihi tena kwamba madeni yote ameyataja, na sheria ya shirikisho humwekea mwongo wa namna hiyo kifungo kisichozidi miaka 30.

Neno moja mintarafu ya jamaa, maana sisi ni wepisi wa kudhaminiana. Mkopo uliomdhamini ndugu yako huhesabiwa kuwa wako, isipokuwa uonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameulipa kwa miezi 12 mfululizo. Na dhamana ya juma lililopita haiwezi kuonyesha hata mwezi mmoja.

Kama gari limekufa na kazi haiendeki bila gari, mwite mkopeshaji kabla ya kwenda dukani, akokotoe uwiano mpya mbele yako. Pengine gari la bei nafuu litaingia hesabuni. Samani zingoje. Wala sahihi isikuhadae, kwa kuwa katika majimbo kama California fedha huweza kutolewa siku kadhaa baada ya hati kusainiwa, na mpaka zitoke na umiliki uandikishwe, mkopeshaji angali na haki ya kulitazama daftari lako.