Pongezi kwa Wakaguzi wa Moto

Ukaguzi wa usalama wa moto katika jengo kongwe la serikali huanza na nyaya. Majengo mengi ya enzi ya Wabelgiji nchini Burundi yaliwekewa umeme wa taa chache. Feni na kompyuta zilikuja baadaye. Mkaguzi hodari hufungua sanduku la fyuzi, hupapasa soketi zenye joto, kisha hupanda darini, mahali ambapo wakubwa wa ofisi hawafiki, kutazama mbao kavu na marundo ya mafaili.

Gereza la Gitega, lililojengwa mwaka 1926, linaonyesha uzito wa kazi hiyo. Agosti 2021 liliwaka kwa hitilafu ya umeme. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 7 Desemba mwaka huohuo liliwaka tena, na serikali ikatangaza vifo 38. Lilikusudiwa wafungwa 400. Walikuwamo zaidi ya 1,500. Ndiyo maana mkaguzi haishii kwenye mitungi ya kuzimia moto: huhesabu watu na milango, na huuliza nani anashika funguo usiku.

Kamenge, Bujumbura, ipo hospitali ya chuo kikuu, Roi Khaled. Hospitali yoyote hudai hesabu nyingine: asiyeweza kutembea huhamishiwa kwanza wodi jirani, nyuma ya mlango unaozuia moshi, kwa kuwa mara nyingi moshi huua kabla ya mwali.

Wakaguzi hawa wanastahili pongezi, na ripoti zao zinastahili kusomwa kabla bajeti haijapitishwa.