Kutambua, Kukiri na Kukubali: Uhakiki wa Tafsiri ya Istilahi za Umiliki wa Ardhi katika Makazi ya Kinondoni na Temeke

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliandikwa kwa Kiingereza. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba ukaaji wa muda mrefu katika ardhi, ukishakuwa recognised, uwekwe bayana na ulindwe kisheria. Kwa mkazi wa Tandale, Keko au Mbagala, ambako nyumba nyingi zilijengwa kabla ya viwanja kupimwa, neno hilo moja ndilo linaloamua kama anakaa kwa haki au kwa kuvumiliwa tu. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza limefasiriwaje.

Kisawe kilichozoeleka ni kutambua. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kisawe hicho ni chepesi mno. Kiingereza hutenganisha identify na recognise: la kwanza ni kujua kitu ni kipi, la pili ni kukipa kitu hadhi inayomfunga anayeitamka. Kutambua hubeba maana zote mbili, na katika mazungumzo ya kila siku maana ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Mtu humtambua nduguye gizani kwa sauti, hakumpa chochote. Hata kitambulisho, kinachotokana na mzizi huohuo, humwonyesha mtu kuwa ni nani, basi.

Athari zake huonekana wazi katika urasimishaji. Kuorodhesha nyumba na wakazi huitwa utambuzi, na kazi hiyo hutangulia kupanga, kupima na kumilikisha. Mkazi anayeambiwa kwamba nyumba yake imetambuliwa ana kila sababu ya kisarufi kuelewa kuwa haki yake imekubaliwa, ilhali ofisa amemaanisha kwamba imeandikwa daftarini. Hakuna aliyedanganya. Leseni za makazi, zilizoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004, ziliukuza utata huu: mwanzoni zilidumu miaka 2, nazo ni haki ndogo kuliko hakimiliki, lakini aliyezipokea aliambiwa kwa kitenzi kilekile kwamba sasa serikali inamtambua. Tukipima kwa kigezo cha Nida (1964), yaani mwitiko wa mpokeaji wa matini lengwa, tafsiri hii imeshindwa pale hasa ilipohitajika.

Kitenzi kinachostahili kuzingatiwa upya ni kukiri. Wafasiri wa Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 walikitumia katika dibaji walipozungumzia heshima ya asili ya binadamu, na mtafiti huyu anaona walichagua vema. Pingamizi linajulikana: kukiri hunuka hatia, kwa kuwa mshtakiwa hukiri kosa. Lakini harufu hiyohiyo ndiyo faida yake. Anayekiri hujifunga kwa kauli yake, iwe kosa au deni, na hawezi kuikana kesho kirahisi. Anayetambua hajajifunga kwa lolote. Dola inayokiri ukaaji wa miaka 30 Mtoni imesema jambo linaloweza kurejelewa mahakamani. Dola inayoutambua yaweza kuwa imehesabu mabati tu.

Upande wa kukubali una kasoro ya namna nyingine. Sheria huanza na offer, ambayo hukamilika kwa acceptance pamoja na malipo yaliyotajwa. Mtaani neno la kwanza limekuwa ofa, na la pili halikuja nalo. Watu husema "nina ofa" kwa maana ya kuwa na karatasi ya umiliki, na wapo wanaoitunza sandukuni miaka mingi bila kuhitimisha taratibu za hati. Haishangazi: ofa ya mtaani ni soda uliyonunuliwa na rafiki, nayo haidai jibu. Istilahi rasmi, barua ya toleo, haisaidii. Kilichotolewa kimeshatoka, na kwa msomaji wa magazeti toleo ni nakala ya wiki hii.

Linalosikitisha ni kwamba jozi kamili ilikuwapo. Katika ndoa ya Kiislamu hakuna asiyejua kuwa ijabu bila kabuli haifungi kitu. Walii akishatamka, watu wote hunyamaza wakimsubiri bwana harusi ajibu. Kukubali kwenyewe kumetokana na kabuli hiyo. Wafasiri wa sheria waliupita msamiati ambao wakazi wa Temeke huusikia kila msimu wa harusi, wakaunda istilahi inayohitaji kuelezwa.

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, chaguo hizi haziwezi tena kujitetea kwa kurejea matini chanzi. Iwapo sheria ya ardhi itasema kutambua, mahakama italisoma neno hilo kwa maana ya Kiswahili. Fomu ya kujibu toleo ni pa kuanzia pazuri kuliko kamusi, kwa kuwa ndiyo inayofika mikononi mwa mkazi: iitwe kabuli, na ieleze katika mstari wa kwanza kwamba isiporudishwa pamoja na malipo, haki iliyotolewa bado haijafungwa.