Makala ya 1979 na fomu yenye kisanduku kimoja

Hebu chagua: upewe 3,000 mkononi bila wasiwasi, au ujaribu bahati ya kupata 4,000 kwa uwezekano wa asilimia 80? Wengi mnachukua 3,000, najua. Sasa geuza: upoteze 3,000 kwa hakika, au ujaribu bahati, asilimia 80 upoteze 4,000? Hapo ghafla umekuwa mcheza kamari.

Maswali hayo yamo kwenye makala ya Daniel Kahneman na Amos Tversky ya 1979. Katika watu 95, upande wa faida asilimia 80 walichukua cha uhakika. Upande wa hasara asilimia 92 walijaribu bahati. Wanasaikolojia wawili, na makala ikatoka Econometrica, jarida la wachumi! Naipenda makala hii, nisikufiche.

Ila isome tena ukiwa na mkulima wa mtama wa Dodoma kichwani. Waliojibu ni wanafunzi na wahadhiri, fedha zenyewe za kufikirika, hakuna aliyepoteza hata senti. Udhaifu huo waandishi wenyewe waliugusia. Kinachonisumbua zaidi ni ile asilimia 80. Nani kakuandikia asilimia maishani? Frank Knight alishatenganisha mwaka 1921: kuna hatari unayoweza kuipimia uwezekano, na kuna kutojua. Mkulima wetu anatazama mawingu, anasikia redioni kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani (wastani wa wapi, shambani kwake?), anakumbuka deni la mbegu, anachungulia kama jirani ameshapanda. Hapo unahitaji mtu wa hali ya hewa, wa saikolojia, wa uchumi, na mtu wa kukaa kijijini msimu mzima.

Nani analipia huo msimu? Mwaka jana niliomba ufadhili wa udaktari kwa andiko la namna hii. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja cha fani. Nikaandika saikolojia. Mhakiki wa kwanza akasema huu ni uchumi, wa pili akasema ni kilimo. Halafu, eti nieleze "matokeo yanayotarajiwa". Ya kutojua!

Ndiyo maana sasa simlaumu sana Kahneman. Tunarudia jaribio lake kwa sababu linaenea kwenye kisanduku: chumba, wanafunzi, karatasi, miezi michache, umemaliza. Na wao walikuwa na mlipaji. Shukrani za makala zinataja mfuko wa Harry F. Guggenheim na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Yaani fedha za jeshi ziliwavumilia wanasaikolojia wakiwasumbua wachumi, na fomu yangu ikashindwa kuvumilia mtama.

Msimamizi wangu ananishauri: "Mtoe mkulima, weka wanafunzi wa mwaka wa kwanza, utapita." Pengine ana haki. Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi, na mkulima bado yumo ukurasa wa pili.