Tuta la Milimita Tatu

Reli ya kweli hailazwi juu ya udongo mtupu. Itazame njia ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ya upana wa mita 1, iliyoanza kujengwa 1896: reli juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, na kokoto zimeshushwa pembeni kwa mteremko ili maji ya mvua yasituame. Anayeunda reli ya mfano bila tuta la namna hiyo, hata kichwa chake cha treni ya mvuke, cha aina ya Garratt, kipakwe rangi kwa ustadi gani, amebaki na kitu cha kuchezea.

Huko Birmingham, mji uliounganishwa na London kwa reli 1838, ufundi huu una wenyewe. Hadi 2023 klabu ya Warley iliwakusanya kwenye kumbi za maonyesho za NEC, na mimi niliinama kukagua tuta kabla ya kutazama treni. Tuta lenyewe la reli ya mfano ni gome la mwaloni, lile lile la vizibo vya chupa, ambalo kwa wingi hutoka Ureno. Mti huvuliwa gome kila baada ya miaka 9 hivi, nao huendelea kuishi. Ndani ya gome hilo mna vishimo vidogo vidogo vya hewa vinavyomeza mtetemo. Bila gome hilo, ubao wa plaiwudi ulio chini huvuma kama ngoma.

Chora mstari wa katikati ya njia kwenye ubao. Kata ukanda wa gome lenye unene wa milimita 3, upasue kwa urefu, ulaze nusu moja kwa kuufuata mstari, kisha ya pili ubavuni mwake. Nusu hukubali kona ambako ukanda mzima ungejikunja. Maungio ya kushoto na ya kulia yasikutane. Gundi iwe nyembamba, ikauke usiku kucha. Halafu msasa: kingo zipate mteremko wa kokoto, na uso upapaswe, maana kidole hukamata kinundu ambacho jicho limekipita.

Uhondo wenyewe uko pale njia ya kuegeshea mabehewa inapoachana na njia kuu. Njia kuu hubaki juu. Ile nyingine hushuka polepole kwa msasa mpaka ikagusa ubao, na mtazamaji akajua ipi ni ya treni za mbali.

Wapo wanaosema gome ni kazi bure, kwa kuwa gundi ya kushikiza kokoto za mfano ikikauka huwa ngumu na kurudisha kelele ubaoni. Hurudi, kweli, ingawa gundi ya mpira huipunguza. Lakini hata kelele ingebaki yote, ningelaza gome kwa ajili ya mabega yake yenye mteremko.